Shajara ya mradi: kuunga mshipi na waya bila kupoteza nguvu

Jumamosi, 7 Desemba 2024. Nungwi

Leo nimempoteza nguru mkubwa kuliko wote niliowahi kuwashika mkononi, na sababu ninayo kiganjani: kipande cha nailoni.

Tulitoka alfajiri na mjomba, kaskazi jepesi, bahari imelala. Tukafika Leven Bank, kilima cha chini ya bahari kaskazini mwa Unguja, jua likiwa bado jekundu. Tulikuwa tunarambaza, yaani tunaburuta chambo nyuma ya boti: samaki wadogo wawili, chuchunge. Nguru alimchukua wangu kwa kishindo, akaruka nje ya maji mara moja, tukamwona sote wawili. Nikampa mshipi, akaenda. Nikamrudisha, akaenda tena. Mara ya tatu alipogeuka, mshipi ulilegea mkononi kama kamba ya nguo iliyoanguka. Haukuwa na uzito wowote.

Nilivuta nikijua. Waya wa kuzuia meno haupo, ndoana haipo, chambo hakipo. Mjomba aliuchukua ule mwisho wa mshipi, akaugeuzageuza kwenye mwanga, akaniambia: "Hukukatwa, mjomba. Fundo lako limeachia."

Ndiyo maana naanzisha shajara hii. Nataka kabla kaskazi halijaisha niwe na kiungo cha mshipi na waya ambacho hakipunguzi hata kilo moja ya nguvu ya mshipi wenyewe.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeshinda pwani nikiomba watu vipande vyao vilivyokatika. Wavuvi wengi huvitupa palepale, lakini kwenye vibao na chupa wanazozongea mishipi hubaki ncha za zamani. Nimepata kumi na moja. Mjomba amenikalisha barazani akanifundisha kuzisoma, na nimejifunza leo zaidi ya nilivyojifunza miaka mitatu ya kuvua.

Ncha iliyojikunja kama mkia wa kinyonga: fundo limeteleza likajifungua lenyewe. Nailoni imevutwa ikipita kwenye mikunjo ya fundo, ndiyo maana imebaki na umbo lile. Ncha iliyokatika safi, kama imepitiwa na wembe: meno. Nguru ana meno ya pembetatu, bapa, yamejipanga safu moja, na nailoni haina la kufanya mbele yake. Ncha yenye mikwaruzo mirefu kabla ya mwisho: mwamba. Na ncha nyeupe, iliyonyooka, imekuwa nyembamba kidogo: mshipi wenyewe umefika mwisho wa nguvu zake. Hiyo ya mwisho ndiyo pekee ambayo mvuvi hana cha kujilaumu.

Katika kumi na moja, meno ni tatu. Mwamba mbili. Sita zote ni fundo, ama limeachia ama limejikata lenyewe pale mshipi unapokutana na waya. Wenye nazo wote walikuwa wakisema "nguru amekata".

Jumatano, 11 Desemba

Nimekwenda Darajani, sokoni mjini, kununua vitu. Waya wa uzi mmoja, chuma kisichoshika kutu, namba 7. Unene wake ni milimita 0.46 na umeandikwa pauni 69, yaani kilo 31 hivi. Mshipi wangu ni nailoni ya milimita 0.60 iliyoandikwa kilo 18. Kwa hiyo waya una nguvu karibu mara mbili ya mshipi na haupaswi kuwa tatizo kamwe. Plaizi ninayo. Swiveli, kile kiungo cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote, nimechukua ndogo, nyeusi. Nyeusi kwa makusudi: zile za fedha hung'aa majini, na nguru akiwa na hamu huzing'ata kama samaki mdogo, akakata mshipi juu ya waya.

Wenzetu wengi bado wanatumia nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, wanazifumua moja moja. Zinafanya kazi, na sina neno nazo kwa siku mbili tatu. Lakini ule waya umepakwa zinki tu. Zinki ikitoka, chumvi inauingia, na kutu huanzia mahali usipopaona, ndani ya msokoto.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku ya vipimo vya kwanza. Mizani ya kuning'iniza sina, nimetumia maji. Lita moja ya maji ya kisima ni kilo moja, na hilo halihitaji fundi. Nimetundika dumu la lita 20 kwenye tawi la mwembe, chini yake mfuko wa mchanga nilioupima dukani, kilo 8. Dumu tupu na kamba zake ni kilo moja. Hapo naanzia kilo 9, kisha namimina nusu lita nusu lita mpaka kitu kikatike. Chini nimeweka tairi kuukuu ili dumu lisipasuke.

Juu sikufunga fundo. Nimezungusha mshipi mara kumi kwenye kipande cha mti laini halafu ndio nikaubana. Ukifunga fundo juu, fundo hilo ndilo litakalokatika na utakuwa umepima fundo badala ya mshipi.

Mshipi mtupu, mkavu, mara tatu: 20.5, 20, 20.5. Kumbe kiwandani wameandika kwa tahadhari. Nimechukua 20.5 kuwa kipimo changu.

Halafu fundo langu la siku zote, lile la kupitisha mshipi kwenye kitanzi cha waya, kuuzungushia mara tano na kurudisha ncha. Mara tano: 12.5, 13, 11.5, 12.5, na moja liliteleza kabla sijafika 11. Nimekaa chini nikaiangalia namba hiyo muda mrefu. Miaka yote nimekuwa nanunua mshipi wa kilo 18 na kuvua na wa kilo 12.

Sababu inaonekana kwa macho ukilitazama fundo karibu. Waya ni mwembamba kuliko mshipi. Mshipi unapokunjwa juu ya kitu chembamba na kigumu, upande wa nje unavutika na upande wa ndani unabanwa, na nguvu yote inamalizikia kwenye nukta moja.

Jioni nimeloweka mita mbili za mshipi kwenye ndoo hadi kesho.

Jumapili, 15 Desemba

Mshipi uliolala majini: 18, 18, 17.5. Nailoni hunywa maji, na ikishiba hupungua nguvu. Kumbe ile 18 ya kiwandani ni ya kweli baharini. Sikuvua leo, ni bamvua na mkondo ni mkali.

Jumatatu, 16 Desemba

Leo nimeshughulika na waya peke yake, kwa sababu kiungo kina pande mbili na upande wa chuma nao unaweza kuachia.

Sisi wote hapa tunafunga ndoana kwa kuuzungusha waya mmoja juu ya mwingine, mizunguko minane au kumi iliyobanana. Unaonekana imara sana. Nimeutundika: kufika kilo 14 ulianza kuteleza na kujifungua kama springi, kimyakimya, bila kukatika. Waya ule mrefu umebaki umenyooka, na ule mwingine umejizungusha juu yake tu. Hakuna kinachoushika isipokuwa msuguano.

Namna sahihi ni kuzisokota zote mbili pamoja kwanza. Unashika kitanzi kwa plaizi, unazipanua waya mbili mpaka zifanye pembe pana, kisha unazisokota kwa nguvu sawa ili kila moja iizunguke nyingine. Misokoto minne, mitano ni bora. Ukitazama unaona herufi X zimepangana. Baada ya hapo ndipo unaugeuza waya mfupi ukae pembe mraba na ule mrefu na kuufanyia mizunguko minne au mitano iliyobanana. Misokoto ile ya kwanza ndiyo inayobeba. Mizunguko ya pili kazi yake ni kufunga mlango.

Mwisho wake usikatwe kwa plaizi. Plaizi inaacha mwiba, na mwiba ule utakuchana kiganja siku ukishika waya samaki akiwa ubavuni. Kunja ncha ndefu iwe kama mpini wa kinu cha kahawa, uizungushe kwenda na kurudi, na itakatika yenyewe pale pale kwenye mzunguko wa mwisho, laini.

Nimejaza dumu lote, kilo 29. Msokoto haukusogea. Upande wa chuma umekwisha.

Jumamosi, 21 Desemba

Wiki nzima nimefanya fundo la Albright. Limepewa jina la Jimmie Albright, aliyekuwa kiongozi wa wavuvi huko Islamorada, Florida, na kazi yake ni kuunga vitu viwili visivyolingana unene. Unautengeneza waya kuwa kitanzi chembamba kirefu (umefungwa kwa msokoto ule ule, usiuache wazi), unapitisha mshipi ndani, unauzungusha juu ya waya zote mbili mara kumi ukirudi kuelekea kichwa cha kitanzi, kisha unautoa upande ule ule ulioingilia. Mizunguko ikae ubavu kwa ubavu, isipandane. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni kavu ikikazwa haraka hupata joto la msuguano na hudhoofika, nawe huoni kitu.

Matokeo, mshipi mmoja kwenye waya: 15, 14.5, 15.5, 15, na moja liliteleza kwenye 13 kwa sababu mizunguko ilipandana. Ni afadhali kuliko 12.5, lakini bado nimepoteza zaidi ya robo.

Nilijaribu pia uzi wa kusuka, ule mwembamba wenye nguvu. Juu ya chuma kitupu huteleza kama mtu kwenye mwani. Nimeuacha, anayeutumia na aweke kipande cha nailoni katikati.

Jumapili, 22 Desemba

Leo ndiyo siku iliyobadilisha mradi.

Nilikuwa nikitafuta fundo lenye nguvu zaidi, na nimekuwa nikitafuta mahali pasipo penyewe. Fundo lolote linalogusa chuma litapoteza kitu. Basi liache lipoteze, ila likutane na mishipi miwili.

Hesabu yake ni hii. Fundo langu baya kabisa linahimili kilo 12.5 kwa mshipi mmoja. Nikiukunja mshipi uwe mara mbili kabla haujafika kwenye waya, kila mkono unabeba nusu ya mzigo. Fundo lile lile baya sasa linaweza kubeba karibu 25. Mshipi mmoja ulio juu utakatika kwenye 20.5 kabla fundo halijachoka. Kiungo kimekuwa na nguvu kuliko mshipi, na sikuhitaji fundo la ajabu.

Linabaki swali moja: pale mshipi mmoja unapogeuka kuwa miwili, nako kuna fundo. Hilo lisipopoteza nguvu, kazi imekwisha. Na fundo hilo lipo, linaitwa Bimini, kama visiwa vya Bahamas. Unafanya kitanzi kirefu, unakisokota mara ishirini, unatia miguu ndani ya kitanzi na kuitanua ili misokoto ibanane, kisha unaulegeza mkono mfupi kidogo kidogo ujizongee wenyewe juu ya misokoto ukishuka mpaka mwisho. Unaufunga kwa kitanzi kidogo kwenye mkono mmoja, halafu kwa vitanzi vichache juu ya mikono yote miwili. Linahifadhi nguvu kwa sababu hakuna mahali linapokunja mshipi ghafla. Mzigo unapokelewa polepole katika urefu wote wa misokoto, kama watu ishirini walioshika kamba ya kuvuta jahazi.

Nimeliharibu mara nyingi leo. Tatizo ni kuulegeza ule mkono: ukiuachia haraka mizunguko inaruka na kuacha nafasi. Mwanangu wa miaka tisa alikaa mbele yangu akashika kitanzi kwa mikono miwili, na hapo ndipo lilipokubali.

Jumatano, 25 Desemba

Vipimo vya Bimini na Albright pamoja, mshipi mkavu: 20, 20.5, 19.5, 20. Yote manne yamekatika juu, kwenye mshipi mmoja, mbali na mafundo. Ncha ni nyeupe, zimenyooka. La tano limekatika ndani ya Bimini kwenye 17, na nikalifungua nikaona mizunguko miwili imepandana katikati. Kuanzia sasa, Bimini lenye nafasi au mizunguko iliyopandana nalikata bila huruma, hata kama boti inaningurumia.

Nilimpelekea mjomba zile ncha nne. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza: "Na gizani, chombo kinayumba, utalifunga hili?" Sitalifunga. Nimetengeneza sita nyumbani, kila moja na mita moja ya mshipi maradufu na waya wake, nimezizonga kwenye vipande vya povu la ndara kuukuu. Baharini ninaunga tu kitanzi kwa kitanzi na mshipi mkuu, ambao nao una Bimini mwishoni.

Jumapili, 29 Desemba

Jaribio la kwanza baharini, na limefeli nusu. Viungo vyote vilishika. Tulipata kolekole wawili na mzia mmoja, na mzia alivuta kwa kweli. Lakini chuchunge wangu alikuwa akizunguka nyuma ya boti, na kwa kuwa hakuna swiveli, mzunguko wote ulipanda kwenye mshipi. Baada ya saa mbili mshipi uliolegezwa ulijisokota wenyewe kama uzi wa cherehani. Pia kichwa cha Albright kilikuwa kinakusanya majani ya baharini, na nguru hagusi chambo chenye ndevu.

Chambo hai kinachoachwa kuelea hakizunguki. Kwa uvuvi huo Albright inatosha na ni bora, kwa sababu hakuna kitu cheusi wala cheupe cha kumshtua samaki. Kwa kurambaza, swiveli lazima irudi.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Swiveli imerudi, na imekuja na njia rahisi kuliko zote. Kwa kuwa tayari nina kitanzi cha Bimini, sihitaji kukata wala kufunga ncha yoyote. Napitisha kitanzi kwenye tundu la swiveli, nakipanua, naipitisha swiveli yenyewe ndani ya kitanzi mara sita, nalowesha, navuta polepole mpaka mizunguko ijipange juu ya tundu pande zote mbili kama makucha ya paka. Upande wa pili wa swiveli unafungwa waya kwa msokoto. Basi.

Vipimo: 20.5, 20, 20. Vyote vimekatika juu. Halafu nikafanya jambo moja la kuhakikisha: nilikata kwa wembe mkono mmoja wa kitanzi karibu na swiveli, nikapima. Haukuchomoka. Mizunguko ilishika, na ulihimili mpaka kilo 13. Samaki akikata mkono mmoja, una nafasi ya kumleta na wa pili.

Huu ndio utakaokaa kwenye mshipi wangu wa kurambaza. Urefu wa waya nimeuweka sentimita 50, na ndoana ya pili nyuma karibu na mkia wa chambo, kwa sababu nguru hupenda kukata nusu ya nyuma kwanza.

Jumapili, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, pwani imejaa watu, sisi tulikuwa baharini. Bamvua limekaribia, maji yanakimbia. Karibu saa tatu asubuhi, ng'ambo ya mkondo, mshipi wa kulia ulikwenda.

Sikumhurumia samaki safari hii. Mara zote zilizopita nilikuwa namwachia mapema kwa sababu moyoni sikukiamini kiungo, na nimegundua leo kwamba woga ule nao ulikuwa ukinipotezea samaki: anayepewa mshipi mrefu ana muda mrefu wa kufanya vyake. Nilimshika, vidole vikaungua ndani ya mpira, akasimama. Mjomba alimchoma chusa ubavuni dakika kumi na kitu baadaye. Dikoni mizani ilisema kilo 14 na nusu.

Waya ulikuwa umepinda mara tatu na kimoja cha vipindo kimefanya kona kali. Ule waya nimeutupa hapohapo. Waya wa uzi mmoja ukishafanya kona, ukiunyoosha utaonekana mzima, lakini pale ndipo utakapokatika, tena kwa uzito mdogo.

Jumamosi, 1 Februari

Kipimo nilichokuwa nakiogopa. Nimechukua kiungo kilichofanya kazi safari nane, hakijakatika, macho hayaoni kasoro, nikakitundika mwembeni. Kimekatika kwenye 16, juu kidogo ya Bimini, pale ambapo vidole vyangu hushika kila ninapomwingiza samaki. Nimepapasa sehemu ile kwa ulimi: kuna ukwaruzo ambao jicho halikuuona.

Kingine cha safari nne: 19. Cha safari mbili: 20.

Kwa hiyo kwenye kibao changu nimeweka alama kwa kisu. Kila safari mstari mmoja. Ikifika mistari minne nakata mita mbili za mwisho za mshipi, Bimini na vyote, na kufunga upya nyumbani, mchana, kwa utulivu. Mjomba ameomba kibao chake kitiwe alama pia. Leo usiku nina vitatu vya kumfungia, na mtoto ameshakaa mkekani anasubiri kushika kitanzi.